Kisima Ndani ya Skrini Nyeusi

Kombe alikuja na disketi kumi na tatu zimefungwa kwa mpira, akaziweka mezani mbele ya Shee kama mtu aliyeleta posa na anajua fika hatakataliwa. Ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri, mwezi wa Mfungo Tano, unaotangulia wa Maulidi, umefika katikati, na mvua ilikuwa imetoka sasa hivi kuiosha Kisauni.

"Hizi ndizo zenyewe," Kombe alisema. "Mfumo mpya wa madirisha. Watu huko Ulaya walipanga foleni kuununua, na wewe unaletewa mpaka chumbani."

Shee hakuzigusa. Aliifunua mashine yake iliyokuwa imefunikwa leso kuukuu ya nyanya yake, akaiwasha, na ile skrini nyeusi ikaanza kuandika maneno yake meupe taratibu. Kombe akacheka. Alisema mashine hiyo inaamka kama mzee anayetafuta viatu gizani.

Kombe alikuwa mtoto wa mjomba wake Shee, amemzidi miaka miwili, karani katika ofisi ya hoteli moja ya pwani huko Bamburi. Hata hiyo kompyuta ilitoka hotelini kwao. Walikuwa wakiitupa, Kombe akaiomba, akamletea ndugu yake ndani ya mkokoteni imezungushiwa magunia. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kuisema. Na siku hiyo alikuja na jambo zito zaidi ya disketi. Hoteli ilitaka mtu wa kuipigia chapa nyumbani: orodha za vyakula, barua, ratiba za wageni, kila wiki, mwaka mzima. Kombe alikuwa amelitaja jina la Shee, na meneja akakubali. Sharti lilikuwa moja tu. Kila kitu kiandikwe kwa mfumo mpya, kwa sababu mashine za hoteli zilikuwa hazifungui tena kazi za skrini nyeusi. Meneja alitaka jawabu Jumatatu.

"Na hizi zangu?" Shee aliuliza, akionyesha skrini.

Kombe alimweleza kwa upole, maana alijua anagusa wapi. Diski ya mashine ile ilikuwa ndogo. Mfumo mpya ukiingia, wa zamani na vyote vilivyomo ndani yake havina pa kukaa. Itabidi vifutwe.

Vilivyomo ndani yake vilikuwa kazi ya miezi kumi. Shee hakupata mwalimu wa jambo lolote analolijua, na kwa hilo alikuwa na kiburi cha mtu asiyekuwa na wa kumshukuru. Mizani na vina alijifunza kwa kusoma kitabu cha nyanya yake mpaka mahadhi yake yakamkaa kichwani. Mashine alijifunza kwa kitabu kilichong'oka jalada. Kisha akavikutanisha viwili hivyo. Alinunua daftari la hesabu, lile la miraba, akazichora humo herufi za Kiarabu moja moja, kila nukta mraba wake: herufi ikiwa peke yake, ikianza neno, ikiwa katikati, ikimaliza. Akaongeza zile ambazo Waarabu hawana na Waswahili wanazo, za "pa" na "cha" na "nga", kwa nukta zao tatu tatu. Halafu akaandika programu ya kuifundisha skrini nyeusi kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, na kuifundisha printa yake ya sindano kuzichapa herufi hizo kubwa kama tende.

Kubwa, kwa sababu ya macho ya Bi Mwanaima.

Bi Mwanaima, nyanya yao wote wawili, hakuingia skuli. Alisoma chuo cha Qurani, na Kiswahili chake alikiandika na kukisoma kwa herufi hizohizo za Kiarabu, kama walivyofanya wanawake wote wa rika lake. Alipofiwa na mume akiwa bado kijana, shemeji zake walifunga kisima cha mtaa kwa mlango na kufuli, wakamwambia aje aombe maji kila asubuhi, nao watampa. Hakwenda kuomba. Alifukua kisima chake mwenyewe uani, miezi minne, kwa jembe na kwa mikono. Kisha akatunga utenzi wa beti mia tatu na kumi na mbili juu ya kisima hicho na juu ya shemeji hao, kila mmoja kwa jina lake. Kisima kiko uani mpaka leo. Shemeji walikwisha kufa, na waliosema utenzi ule haufai kusomwa nao wamekufa.

Kila Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, wanawake wenziwe walikusanyika ukumbini kwake, na baada ya qasida za kumsifu Mtume aliwasomea. Mwaka uliotangulia alisoma mpaka nusu, akafika kwenye ubeti wa kisima kukamilika, akanyamaza. Wino ulikuwa umefifia, karatasi imeliwa na wadudu, na macho yalikuwa yameingia ukungu. Msichana mmoja alinyoosha mkono amsaidie, lakini yeye alisoma skuli, herufi zile hakuzijua. Kukawa kimya. Shee, aliyekuwa nje barazani, alisikia vikombe vya kahawa vikiwekwa chini. Kisha akasikia kitabu kikifungwa na nyanya yake akisema kwamba leo yatosha.

Toka siku ile alikuwa hana kazi nyingine kichwani. Duka la kunakili karatasi huko Frere Town lilijaribu, kila ukurasa ukatoka mweusi kama kaa. Kwa mkono hakuweza, maana khati yake ilikuwa mbovu, na nyanya mwenyewe alisema inafanana na nyayo za kuku. Ikabaki mashine. Jioni zote Bi Mwanaima alikaa kwenye mkeka akimsomea anachokiona na anachokikumbuka, Shee akiandika. Walikuwa wamefika ubeti wa mia mbili. Habari zikaenea mitaani, na juzi Bi Zubeda wa jirani alileta sanduku la bati limejaa tungo za baba yake, akaliacha chini ya meza bila kuuliza kama kuna nafasi.

"Nizijaribu kwanza," Shee alimwambia Kombe. "Nikiona mfumo wako unazibeba herufi zangu, nitauweka kwa mkono wangu mwenyewe."

Ni haki kusema kwamba aliitaka kazi ile. Dada yake Mishi alikuwa akikaanga viazi karai mlangoni kila jioni, na moshi wake ndio ulioilisha nyumba. Shee aliuona moshi huo kila alipoinua macho.

Jumamosi alikwenda Bamburi na disketi yake moja mfukoni. Ofisi ilikuwa tupu, baridi, inanuka zulia. Kombe akawasha mashine mpya, na Shee akakiri moyoni kwamba ilipendeza: rangi, vipicha, mshale unaoteleza ukiusukuma. Wakaweka disketi. Programu ikafunguka ndani ya dirisha dogo, na ubeti wa kwanza wa Bi Mwanaima ukatokea, lakini ulitokea umekatwakatwa. Pahala pa herufi palikuwa na vijisanduku, alama za pauni na irabu za Kizungu zenye vikofia. Na yote yalikimbia kushoto kwenda kulia, nyuma mbele. Wakaipeleka printani. Printa ile haikupiga kelele hata kidogo. Ilitema karatasi kumi na nne, kila moja na mstari mmoja wa takataka.

Walijaribu mpaka adhuhuri. Kombe hakuwa mtu wa hila. Alihangaika kwa moyo safi, akafungua kila dirisha analolijua. Mwisho akakaa kitako.

"Basi ziandike kwa herufi za kawaida, yaishe. Kiswahili ni kilekile."

"Za kawaida kwa nani?"

"Kwa watu, ndugu yangu. Hizi nani anazisoma leo? Vikongwe kumi na wawili wa Kisauni."

"Mmoja wao ni nyanya yako. Na mwengine ni mama yako."

Kombe aliangalia zulia. Kisha akasema asifanywe adui, kwamba ulimwengu unakwenda na hauwasubiri, na kwamba atakayebaki na skrini nyeusi atabaki peke yake.

"Sikiza, Kombe," Shee akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, dalili kwamba amekasirika kweli. "Ile mashine mliyoitupa nimeifundisha khati ya nyanya. Hii yenu, na madirisha yake yote, haijui hata alifu. Hebu niambie nani yuko nyuma."

Akaichomoa disketi yake, akarudi kwa miguu mpaka jasho likamtoka na hasira ikabaki.

Nyumbani alimkuta Mishi akimenya viazi. Alimweleza yote, akitarajia angalau neno moja la kumuunga mkono. Mishi hakuacha kumenya. Alisema kazi ya mwaka mzima haiji Kisauni ikibisha hodi mara mbili. Halafu akasema lile lililomchoma zaidi.

"Usijifiche nyuma ya nyanya, Shee. Wewe hutaki kuambiwa kwamba ulichokifanya hakina mahali. Hilo tu."

Maneno yale yalikuwa na kweli ndani yake. Alizipenda zile herufi kwa kuwa alizichora yeye. Alipenda kusimama mlangoni watu waseme huyu ndiye. Alikaa mbele ya skrini, akajiuliza kama angekuwa mkali hivi kwa ajili ya programu ya mtu mwengine, na hakupata uhakika. Lakini chini ya kiburi hicho, alipozidi kuchimba, alikuta kile kimya cha mwaka jana na vikombe vinavyowekwa chini. Hicho hakikuwa chake.

Mishi alikuwa amekwisha kumwambia nyanya. Baada ya sala ya magharibi ikaja sauti kutoka ukumbini.

"Shee."

"Naam, nyanya."

"Ndoo hapa karibu."

Akaenda, akakaa chini kwenye mkeka karibu na miguu yake, kama alivyokaa toka utotoni. Bi Mwanaima alimwambia amesikia kuna kazi, na kwamba kazi ya mtu haizuiliwi na maneno ya bibi kizee. Macho yake hayarudi tena. Hao wenziwe nao wanapungua, mwaka hadi mwaka mkeka unazidi kuwa mpana. Utenzi umefanya kazi yake, nao upumzike.

"Kafute, mjukuu wangu," akasema. "Nimekupa ruhusa. Na radhi zangu unazo."

Katika maisha yake yote Shee hakuwahi kumwambia nyanya yake neno lolote baada ya amri isipokuwa naam. Neno hilo lilimfika kinywani. Akalimeza. Badala yake akasoma, bila kitabu, ule ubeti nyanya aliokwamia mwaka jana:

"Hiki changu ni kisima
hakikauki daima
mikono yangu mizima
ndiyo iliyofukua."

Midomo ya Bi Mwanaima ilimfuata mstari kwa mstari.

"Walikwambia uombe maji, nyanya. Yalikuwa maji yaleyale, karibu, bure, kila asubuhi. Ungekwenda na ndoo yako ungepewa. Mbona hukwenda?"

"Hilo lilikuwa jambo jengine."

"Lilikuwa hilihili. Leo naambiwa niandike kwa herufi zao, ndizo zilizo karibu. Niombe nafasi ndani ya mfumo usiokujua wewe. Sifuti, nyanya. Unisamehe, lakini sifuti."

Kule jikoni kisu cha Mishi kilikuwa kimesimama. Mkono wa Bi Mwanaima ukapapasa mkekani, ukamfikia mjukuu wake gotini, ukampiga kofi moja kali.

"Ulimi huu umeutoa wapi?"

"Kitabuni kwako."

Yule bibi akageuza uso, na Shee akaona mabega yake yakitikisika. Alidhani analia. Alikuwa akicheka.

"Basi kalete taa," akasema. "Tuko ubeti wa mia mbili na moja."

Jumatatu Kombe alipokuja, disketi kumi na tatu zilikuwa palepale mezani, na mpira wake. Shee alimkabidhi kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kumtajia jina lake hotelini. Lakini hakuomba radhi. Kombe alisema kazi itakwenda kwa msichana mmoja wa Bamburi mwenye mashine mpya, na kwamba siku Shee akijuta asimlaumu mtu. Shee akajibu kwamba siku akijuta atajuta kwa sauti, apate kusikiwa mpaka Bamburi.

Kombe akafika mlangoni, akasimama. Akageuka.

"Ukichapa," akasema, akiangalia sanduku la Bi Zubeda chini ya meza, "mama ameniambia ataka nakala yake."

Walimaliza ubeti wa mwisho siku sita kabla ya Maulidi. Kisha ile printa ya sindano ikaanza, na kwa siku nne Kisauni nzima haikupata raha. Ililia kama mlango wa chuma unaoburutwa sakafuni. Jirani akatuma mtoto aulize wanachinja nini. Utepe ulipokauka Shee aliutilia wino wa mhuri na kuukunja tena kwa vidole, mpaka kucha zikawa za zambarau. Mishi, bila ya kuambiwa, akaanza kumpangia karatasi baina ya karai moja na jengine, naye akamkaripia asizishike kwa mafuta, na huo ndio uliokuwa upatanisho wao. Nakala kumi na tatu, kila karatasi imechapwa mbele na nyuma. Shee akazitia majalada ya manila, akatoboa ukingo kwa msumari, akashona kwa uzi. Alipomaliza alizipanga juu ya meza, akazitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku yenyewe wanawake walijaa ukumbini, udi ukafuka mpaka barazani. Nje, chini ya dirisha, alikaa Shee na kanzu yake iliyopigwa pasi. Kombe naye alikuja, eti amemsindikiza mama yake, akakaa upande wa pili wa baraza.

Qasida zikaisha. Vitabu vikagawiwa. Kukawa kimya, na ndani ya kimya hicho Shee akasikia manila ikifunuliwa, na pumzi ya nyanya yake ikivutwa. Kisha sauti yake ikapanda, safi, bila kusitasita, ikisoma dua. Akamwombea msomaji, akawaombea wasikilizaji, akataja jina lake na jina la baba yake na mwaka aliotunga, akasema amekoma hapo.

Minong'ono ikaanza. Mtu akauliza kama ndiyo imekwisha.

"Shee," nyanya akaita kutoka ndani.

"Naam."

"Huu utenzi wangu wazaliwa ukifa?"

Hakufahamu. Kombe ndiye aliyefahamu kwanza. Aliichukua nakala ya mama yake iliyopitishwa dirishani, akaigeuza mara moja, mara mbili, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Shee alikuwa amezishona zote kwa upande wa kushoto, kama daftari la skuli. Wale wanawake walizifungua mshono ukiwa kulia, kama walivyofungua kila kitabu toka utotoni, na wote wakakutana na mwisho.

"Mkono wako," Kombe akasema akijifuta machozi, "ulibadilishiwa mfumo zamani, wewe mwenyewe hukuambiwa."

Uso ulimwaka Shee mpaka masikioni. Angeweza kugomba, na neno kali lilikuwa tayari. Lakini alizitazama zile shona zake za fahari, na hakuona pa kusimama. Akaomba kisu.

Alizikata nyuzi zote kumi na tatu. Kombe akavua saa yake, akashika msumari na jiwe, akatoboa ukingo wa pili, moja baada ya nyingine, akiweka kila tundu pahala pake. Walipotaka kushona, sauti ya Bi Zubeda ikawauliza kutoka dirishani kama wanadhani wamo humo wanawake wasiojua sindano. Nusu yao walikuwa washona kofia. Vitabu vikapitishwa ndani, sindano zikatoka vibwetani, na kwa muda wa kunywa kahawa mbili kazi ikakwisha, kwa shona ndogondogo zilizonyooka, na Shee alijua mara moja kwamba ni nzuri kuliko zake.

Bi Mwanaima akaanza tena, mwanzoni safari hii. Shemeji walipotajwa kwa majina kukawa na vicheko vya chini chini. Kufuli likafungwa. Jembe likaingia ardhini. Shee alikuwa akihesabu beti kwa vidole vyake vya zambarau, na alipokaribia ule ubeti aliacha kuhesabu, akashika ukingo wa baraza. Kombe alimtazama, akasogea karibu.

Sauti haikusimama. Ilifika kwenye kisima, ikakisoma pole pole, kila silabi na uzito wake, na kwenye mstari wa mwisho wanawake wote waliingia pamoja naye kwa nguvu, wakiusoma wenyewe kwa macho yao, mpaka kuku walioko uani wakatawanyika.

Halafu akaendelea beti tano, sita, kumi. Hapo akakatiza.

"Shee."

"Naam, nyanya."

"Utepe wako umefifia hapa. Ukichapa tena utie wino."

"Nitatia," akasema.

Kombe akamuuliza kwa sauti ya chini ni lini hiyo tena. Shee akamwambia kesho, wakianza na sanduku la Bi Zubeda, na kwamba aje na msumari wake.